Lenzi ya Mzee Paulo

Buzuruga, Mwanza
11 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Na ule mguu wa kushoto, bado unavimba ukipanda kilima cha kanisani? Huku mimi na Teodora tunaendelea. Alikuwa na kikohozi kikali, kimepoa, amerudi shule. Sasa anaandika jina lake lote bila kuruka herufi, halafu ananiletea nilisome kwa sauti kama vile silijui.

Nilikupigia mara mbili, kila mmoja akabaki anasema "haloo, haloo" mpaka salio likaisha. Ndiyo maana nimeandika. Uliniambia masikio yako yamegombana na simu lakini macho bado yanakutii. Barua hii nampa yule dada anayepika melini, ataiacha kwa Mpemba wa duka la bandarini Kemondo.

Mama, nina jambo la kuomba na naona haya. Tangu Cleophace atutoke nimeishikilia studio yake kwa kucha. Ninachokijua ni kile alichonifundisha yeye: picha za pasipoti siku za wiki, harusi na kipaimara Jumamosi na Jumapili. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye harusi Igoma, mtu akajikwaa kwenye waya wa spika, akaanguka na stendi yangu. Kamera imepona, lenzi imepasuka. Nimebaki na kamera isiyo na jicho. Kununua nyingine kama ile siwezi, na kuazima nimechoka. Mwenye kitu anakutazama kama unamwomba jino lake.

Cleophace alikuwa akinisimulia kamera ya baba, ile inayokunjuka kama kodiani. Alisema iko darini kwako, ngozi yake imeliwa na mende lakini lenzi ni nzima. Alikuwa akiniambia kwamba hizi kamera mpya hazina tena kile kioo cha ndani kinachoruka ukibonyeza, kwa hiyo unaweza kuzifungia karibu lenzi yoyote ya zamani, mradi upate fundi wa kukutengenezea kiungo. Alitaka kujaribu. Unamjua mwanao, kila kitu kilikuwa wiki ijayo.

Kama bado ipo, na kama huoni vibaya, naiomba.

Teodora anakusalimu. Ameniambia niandike kwamba jino limetoka.

Mkamwana wako,
Dorcas


Kemondo
9 Machi 2024

Mwanangu Dorcas,

Marahaba. Mguu unavimba, ndiyo, lakini kanisani nafika, nachelewa wimbo wa kwanza tu. Migomba imeanguka mitatu kwa upepo. Paa la jikoni linavuja palepale pa siku zote, nimeweka sufuria. Kwa mtu wa umri wangu, hiyo yote naiita afya.

Umeandika kwamba unaona haya. Ningekuwa bado nafundisha ningepiga mstari mwekundu hapo. Unaomba kitu cha baba wa mume wako ili umlishe mjukuu wake. Haya ya nini?

Lenzi nakuletea, nimeifunga kwenye kitenge pamoja na kahawa ya kutafuna. Kashaija ndiye aliyepanda darini kuishusha. Aliifungua kwa bisibisi pale barazani, akaipuliza vumbi, akaniuliza, "Mama, vitu vya baba vinakwenda kwa nani?" Nikamjibu, "Kwa mtoto wa kaka yako." Akanyamaza. Unajua ukimya wa shemeji yako, una mlango wa nyuma.

Mzee Paulo aliinunua kamera ile kwa Mhindi mmoja wa duka la vitambaa Bukoba aliyekuwa akihama, na hata siku hiyo ilikuwa kamera kuukuu. Watu walimcheka. Akawapiga picha wote waliomcheka. Sikujua lolote la kazi yake, ila nakumbuka jinsi alivyokuwa akisimama. Mgongo wake ulikuwa ziwani siku zote. Na kofia yake hakuivaa, aliishika kwa mkono wa kushoto juu ya lenzi kama mtu anayemkinga mtoto na jua. Nilidhani ni maringo ya mpiga picha. Yawezekana wewe utajua kwa nini.

Mbusu mtoto. Jino alitupe juu ya paa, asilipoteze.

Mama mkwe wako,
Leonsia


Buzuruga
23 Juni 2024

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kwa kuchelewa. Sijui paa umelifanyaje mvua za masika zilivyokuwa nyingi. Sisi tuna uzima. Mimi bega la kulia linaniuma na macho yananitoka machozi jioni, lakini ni kwa ajili ya kazi, na kazi ndiyo niliyokuwa naililia.

Nianze na fundi. Hapa karibu na stendi yuko Mashimba, anakereza vyuma, anatengeneza bushi za malori. Nilimpelekea lenzi, akaigeuza, akaipima kwa kidole, akauliza, "Hii ni ya gari gani?"

Nikamwambia, "Si ya gari, ni ya kamera."

"Basi lete na kamera. Siwezi kuozesha bwana harusi peke yake."

Akatengeneza mabomba mawili ya alumini, moja linaingia ndani ya jingine. Ukivuta unaona cha karibu, ukisukuma unaona cha mbali. Mwishoni kuna pete inayoshika kwenye kamera. Mara ya kwanza yalizidi urefu kidogo tu kama unene wa ukucha, basi mtu aliyesimama mbele yangu nilimwona vizuri, lakini aliye ng'ambo ya barabara akawa moshi. Mashimba akayakereza tena. Ndani akayapaka rangi nyeusi ya bomba la moshi, maana alumini ilikuwa inang'aa na kurudisha mwanga.

Harusi ya kwanza niliyopiga picha nayo ilikuwa aibu. Walitaka kupigwa juu ya mawe, ziwa likiwa nyuma yao, kama wanavyotaka wote hapa Mwanza. Picha zikatoka nyeupe tupu. Kaka wa bibi harusi akaziangalia, akaniambia, "Dada, umetupiga picha au umetupaka unga?"

Nilirudi nyumbani nikaisoma barua yako tena. Mama, ile kofia haikuwa maringo. Lenzi za siku hizi ukizigeuza kwenye mwanga unaona rangi ya zambarau au kijani juu ya kioo. Ule ni utando unaopakwa kiwandani ili mwanga usirukeruke ndani. Ya baba haina. Ni kioo kitupu, kama cha dirisha. Mwanga ukiijia kwa mbele unaruka huku na huku ndani yake na kuiosha picha yote. Baba alijua, ndiyo maana aliligeuzia ziwa mgongo na kuweka kofia. Mimi nimekata kopo la maziwa ya unga, nimelipaka nyeusi, nimelivika mbele. Linachekesha lakini linafanya kazi ya kofia.

Sasa nikueleze uzuri wake. Bibi harusi mmoja wa kwetu Misungwi, anaitwa Sabina, mweusi kama mimi, alinivuta pembeni kabla hatujaanza. "Usinipige sana," akaniambia. "Mimi kwenye picha huwa ni shela na meno." Na ni kweli, lenzi kali za leo ukiweka uso mweusi karibu na nguo nyeupe zinachagua nguo. Hii ya baba, kwa kuwa mwanga kidogo unapotelea ndani yake, unaangukia kwenye vivuli na kuvifungua. Nikamsimamisha chini ya mti, kopo mbele, nikavuta bomba polepole mpaka nikaziona kope zake. Nilipomwonyesha aliisogeza kamera karibu na macho. Halafu akajishika uso, akasema, "Kumbe nina mashavu."

Tangu hapo watu wanakuja. Wanauliza, "Ni hapa kwenye picha za lenzi ya mzee?" Studio ina viti viwili na vyote vina watu. Nachoka, Mama. Kila picha nalenga kwa mkono, hakuna kinachojilenga chenyewe. Lakini ni uchovu wenye sababu.

Nimekuwekea picha ya Teodora. Niliipiga kwa lenzi hiyo, mlangoni petu.

Mkamwana wako,
Dorcas


Kemondo
18 Agosti 2024

Mwanangu,

Natumaini bega limepoa. Likande kwa maji ya chumvi, usilizoee. Mimi nipo. Mvua zimekwisha lakini ukuta wa jikoni umekunywa maji, unabanduka kama ganda la kiazi.

Picha imefika. Niliiweka mezani nikaenda kuchota maji, nikarudi nikaitazama, nikaenda tena kuchota maji ambayo sikuyahitaji. Kipaji cha uso kile ni cha Cleophace. Na mwanga ule juu ya uso wake ni ule wa picha za mume wangu, nilikuwa sijauona tangu alipoacha kazi. Waitu, wa kwetu, asante.

Hapa ningependa kuishia, lakini kuna jingine.

Niliionyesha picha kwa wageni, kwa furaha ya bibi, na Kashaija naye akaiona. Akauliza imepigwa na nini. Nikamwambia. Akachukua simu yake akakaa nayo, na baada ya siku kadhaa akaja kunieleza kwamba lenzi za namna ile zinatafutwa na watu wa nje, wanazifunga kwenye kamera zao kama ulivyofanya wewe, na wanatoa fedha nzuri. Amezungumza na wazee wa ukoo. Wamesema Cleophace hayupo, hakuacha mtoto wa kiume, basi kitu cha Mzee Paulo kirudi kwa Kashaija.

Niliwaambia kwamba nilikupa kwa mkono wangu. Mzee mmoja akanijibu kwamba mkono wangu pia ni wa ukoo. Mimi ni mjane ninayekaa kwenye kibanja cha watu, shamba la ukoo, Dorcas, na anayenichotea maji siku ambazo mguu umekataa ni Kashaija na mke wake.

Nakuomba uirudishe. Sikuamuru. Nakuomba.

Mama mkwe wako,
Leonsia


Buzuruga
1 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo. Nakutakia uzima, wewe na wote wa hapo nyumbani. Teodora amefunga shule, amefaulu. Nimepokea senene wa kukaanga uliowatuma, mtoto aliwala, mimi sikuwala.

Barua yako ya Agosti nilikaa nayo. Kila nilipoanza kujibu alikuja mteja, nikaona afadhali nimpige picha mteja. Nilikuwa nafikiri nitakuandikia kukuomba unipe mpaka Pasaka, nikusanye, nitafute lenzi nyingine, ndipo niirudishe hiyo. Hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwangu. Sikuwahi kuyaandika, maana Oktoba Kashaija alikuja mwenyewe.

Aliingia mchana, studio ina watu. Familia nzima ya Kijita imekaa, bibi yao katikati, nimeshavuta bomba nimeziona kope. Akasimama nyuma yangu, akasalimu vizuri, hakuna aliyejua ni nani. Nikamwambia, "Shemeji, karibu, nimalize hawa."

Akasema, "Malizia. Hao ndio wa mwisho."

Nilimaliza. Walipotoka nilimwekea kiti. Hakukaa. Nikamwambia, "Shemeji, hii lenzi ndiyo inayolipa ada ya mtoto wa kaka yako."

Akasema, "Mtoto wa kaka yangu ni wa kwetu. Akikosa ada mlete Kemondo, kuna shule."

"Na mimi?"

"Wewe una kwenu Misungwi."

Hakusema kwa ukali, Mama. Alisema kama mtu anayesoma kibao cha njia. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, ningeuweza ugomvi. Ile sauti sikuiweza. Nikaifungua lenzi kutoka kwenye bomba la Mashimba, nikaifunga kwenye kitenge chako kilekile, nikampa. Akaliangalia bomba. Akauliza kama nalo si sehemu yake. Nikamwambia bomba limekerezwa Mwanza na nimelilipia mimi, likitoka hapa tutatoka wote wawili. Akaliacha.

Alipofika mlangoni akasema, "Mama anakusalimu."

Ndiyo maana naandika. Sikuulizi kuhusu ukoo, ukoo naujua. Nakuuliza wewe. Ulijua kwamba anakuja?

Sitaandika tena kwa muda. Sina cha kuandika.

Mkamwana wako,
Dorcas


Kemondo
16 Februari 2025

Mwanangu Dorcas,

Salamu kwako na kwa mtoto. Afya yangu sitaieleza leo, si ndiyo uliyoiulizia.

Umeniuliza kama nilijua. Nilijua. Nilimfungia ndizi za njiani kwa mkono wangu.

Fedha ile ilikuwa ya bati. Paa la jikoni lilishuka Septemba, upande mmoja wote. Kashaija alisema atauza lenzi aezeke nyumba yangu, na nafikiri alisema kweli, si mwizi yule, ni mtu aliyebaki na mzigo wa kaka yake na wake. Ningekuandikia kwamba paa limeanguka, wewe ungeifungua lenzi ile siku hiyohiyo ukaniletea. Nakujua. Sikutaka uniletee kwa ajili yangu, si ya ukoo, kisha nikuone ukihangaika. Niliona heri achukue yeye, lawama iwe yake, mimi nibaki mama mkwe mzuri wa kwenye barua. Hivyo ndivyo nilivyofanya, na umri huu wote.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Mnunuzi wa huko nje alitumiwa picha ya lenzi kwenye simu, akaandika kwamba anaona kama ukungu kwenye kioo, isafishwe kwanza. Kashaija akakaa barazani na dawa ya meno na kitambaa, akaanza kusugua. Alisugua kama mtu anayesugua sufuria iliyounguziwa wali. Nilimwambia, "Baba yako alikuwa akipuliza tu kwa mdomo na kufuta kwa pamba."

Akanijibu, "Mama, hii ni kioo, si yai."

Alipoiosha na kuikausha, ile lenzi ikawa kama jicho la mzee lenye mtoto wa jicho. Akasugua tena kuondoa alichokiweka, ikazidi. Mnunuzi akaona picha mpya, hakuandika tena. Kashaija alikaa pale barazani mpaka kuku wakaingia kulala. Mke wake alimwita kula, hakuitika. Sikuwa na nguvu hata ya kumkasirikia.

Nakurudishia lenzi. Wazee hawaitaki tena, sasa wanasema ni ya mtoto. Najua haikufai. Sikuona mahali pengine pa kuipeleka.

Mama mkwe wako,
Leonsia


Kemondo
25 Mei 2025

Dorcas,

Natumaini mko salama. Yule dada wa melini ameniambia alikukabidhi mzigo na barua mkononi, kwa hiyo najua vilifika. Sikuandikii kudai jibu.

Nakupa habari tu, maana wewe bado ni wa nyumba hii hata kama nyumba yenyewe imechoka. Kashaija amehamia Karagwe na mke wake, kwa kaka wa mke, kuna mashamba ya kukodi. Aliaga vizuri. Alinichotea maji akajaza kila chombo, hata vikombe. Nadhani hakuweza kuendelea kulitazama lile paa.

Wiki mbili baadaye niliteleza njiani kutoka kisimani. Mfupa haukuvunjika, nyonga inauma. Mchungaji amenitafutia binti anayelala hapa, ni mtoto mzuri lakini analilia kwao. Wa ukoo wanakuja Jumapili, wanauliza kibanja nitamwachia nani, wanakunywa chai, wanaondoka.

Basi. Nimeona ujue.

Leonsia


Buzuruga, Mwanza
29 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Nyonga inaendeleaje? Usipande tena kilima cha kanisani peke yako, Mungu anajua unapokaa. Teodora ni mzima, amerefuka, viatu vya Januari havimwingii.

Barua zako zote mbili zilifika. Sikujibu kwa kutaka.

Lenzi niliifunga kwenye bomba siku ileile iliponifikia. Nilimsimamisha Teodora mlangoni, nikavuta, nikasukuma, kope hazikuonekana. Picha ilitoka weupe mtupu, mtoto anaonekana kama yuko nyuma ya pazia la hospitali. Nikampelekea Mashimba. Aliiweka kwenye jua, akaigeuza mara nyingi, akaniambia, "Dada, mimi nakijua chuma. Kioo ni kama maji, yakimwagika hayazoleki." Hakutaka hata soda.

Watu waliposikia walianza kuniletea za babu zao. Mzee mmoja wa Sengerema, aliyekuwa karani, akavuka na kamera yake ndani ya mfuko wa sukari. Ndani ya lenzi ukungu umeota kama utando wa buibui, unyevu wa ziwa huu. Nyingine ililetwa nzuri kabisa, safi, Mashimba akaichongea pete. Lakini hiyo ilikuwa ya juzi, ina utando wake wa zambarau, na uso mweusi kwenye nguo nyeupe ukarudi palepale. Nilijaribu mpaka Machi. Aprili nikafunga studio. Sasa nimekaa kwenye duka la vifaa vya shule hapa stendi, la mama mmoja mwema, amenipa kona. Nina kitambaa cheupe ukutani na kiti kimoja. Napiga picha za pasipoti kwa lenzi ya kukodi.

Sabina alinifuata hukohuko. Sasa ana mtoto mchanga, amemvisha kofia nyeupe, anataka picha kama ile ya harusi. Nikamweleza. Akauliza, "Haitengenezeki?" Nikamwambia haitengenezeki. Akasema, "Basi nipige na hiyo uliyonayo." Nikampiga. Aliiangalia, akanishukuru, akalipa. Alipoondoka niliomba ruhusa nikaenda kukaa chooni.

Mama, nataka ujue nilichokasirikia. Si dawa ya meno. Kashaija alifanya alichokifanya kwa ujinga wake na kwa ajili ya paa. Nilikasirikia zile ndizi. Nilikuwa nikikutana nazo nikipika, nikifua, nikimfunga mtoto nywele. Mtu mmoja tu upande wa mume wangu niliyemwamini, na yeye alikuwa jikoni anafunga ndizi. Nilikuandikia barua nne za kukuambia hivyo, zote nikazichana, moja ilikuwa na maneno ambayo hata wewe mwalimu usingejua uyasahihishe vipi.

Halafu ikaja hii ya Mei. Umeandika jina lako tu chini, hukuandika wewe ni nani kwangu. Niliisoma dukani, wateja wamesimama.

Sikiliza sasa. Nakaa chumba kimoja, kuna pazia katikati. Maji yanatoka siku moja yanaruka mbili. Dirisha linatazama ukuta wa jirani na jirani ana redio. Utalala kitanda kimoja na Teodora na nakuonya anapiga mateke. Hakuna mgomba hapa, ndizi tunanunua, na hutazipenda. Watu wa kwetu Misungwi watashangaa, wa kwenu watasema zaidi ya kushangaa. Wakija na chai yao ya Jumapili waambie umekwenda kutibiwa nyonga Mwanza. Si uongo, nimeshauliza hospitali, wana kliniki ya mifupa kila Jumanne.

Nimezungumza na dada wa melini. Atakupandisha Kemondo na kukulaza karibu na jiko penye joto. Mchungaji anaweza kukaa na ufunguo. Njoo na nguo zako na dawa zako, vingine acha.

Sijakusamehe bado, nisikudanganye. Najaribu, nafika katikati nachoka. Lakini mtu anaweza kupikiwa chai na mtu ambaye hajamsamehe. Njoo, Mama. Alhamisi ya wiki ijayo nitakuwa bandarini tangu asubuhi.

Mkamwana wako,
Dorcas